Vumbi la Banda Lisiingie Vifuani mwa Watoto

Katika nyumba nyingi za mijini kwetu, banda la kuku limeegemea ukuta wa chumba cha kulala. Mayai husaidia ada ya madrasa, majogoo huuzwa karibu na Idi, na kulifagia banda huachiwa mtoto mkubwa kabla hajatoka kwenda chuoni. Nasi tulimwachia wetu. Alipoanza kukohoa kila usiku, tukailaumu baridi ya kipupwe, tukampa asali na tangawizi. Alipokwenda kukaa wiki moja kwa shangazi yake kikohozi kikatulia. Aliporejea kwenye ufagio, nacho kikarejea.

Vumbi lile si mchanga. Ni vipande vya manyoya na ngozi, kinyesi kilichokauka, unga wa chakula na maranda yaliyosagwa kwa miguu, pamoja na ukungu na mabaki ya bakteria. Chembe kubwa hunaswa puani. Zilizo ndogo kuliko maikromita 5 hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwenye pumu hubanwa upesi. Kuku naye hasalimiki, kwani vumbi humbebea vijidudu hadi kwenye mifuko ya hewa mwilini mwake, akaanza kukoroma, nasi tukakimbilia duka la dawa.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kufunga. Kwa kuogopa baridi na wezi, tulilizungushia banda turubai kutoka chini hadi paani. Vifaranga huhitaji joto, ni kweli, lakini sehemu ya juu, chini ya paa, yafaa ibaki wazi kwa wavu, ili hewa chafu itoke bila upepo kuwapiga.

La pili, na ndilo zito zaidi, ni matandazo. Maranda makubwa au maganda ya mpunga ni bora kuliko unga wa mbao, ambao ni vumbi tangu siku unaponunuliwa. Chukua konzi moja, kamua, kisha fungua kiganja. Yakibaki donge, yameloa, na amonia itakuchoma macho. Yakimwagika yote, yamekauka mno. Yakishikana kidogo kisha yakavunjika, yako sawa. Yaliyokauka hunyunyiziwa maji kidogo tu. Anayemwaga ndoo nzima kwa hofu ya vumbi hujiletea kuhara damu bandani.

Chakula cha unga nacho hutimka. Nusu lita ya mafuta ya alizeti kwa mfuko wa kilo 50 hulituliza vumbi lake, ila usichanganye zaidi ya kinacholiwa kwa siku chache, yasije yakachacha.

Siku ya kusafisha, kuku watolewe nje, sakafu inyunyizwe, na uchafu uzolewe kwa koleo. Mtandio uliofungwa puani hauzuii chembe ndogo; itafutwe barakoa ya N95, inayobana uso. Nguo za bandani zibaki bandani. Kwa sisi wafuasi wa madhehebu ya Shafii, kinyesi cha kuku ni najisi, kwa hiyo nguo hizo hazifai kusimamia swala hata kama hazimkohozi mtu.

Mtoto wetu siku hizi huokota mayai tu. Ufagio ameupokea baba yake, tena kwa kunung'unika, kila Jumapili baada ya alfajiri, na barakoa usoni.