Nyusi Mpya, Kidonda Kibichi

Siku ya sita ndiyo huwaponza wengi. Nyusi zilizotoka saluni nyeusi ti sasa zinawasha na kubanduka vipande vipande, na kila kigaga kinapong'oka chini yake hubaki ngozi tupu, kana kwamba wino wote umeondoka nacho. Simu hupigwa: "Dada, mbona rangi imetoka yote? Ulinipaka feki?" Dada wa saluni, kwa kuogopa kumpoteza mteja, humwambia aje arudiwe kesho yake. Kuchanja kidonda juu ya kidonda ndiko kunakoleta makovu, na mara nyingi rangi yenyewe ilikuwa haijaenda popote.

Maikrobledingi, ambayo mitaani huitwa kwa mkato tatuu ya nyusi, ni chale. Mtoa huduma hushika kalamu yenye safu ya sindano nyembamba, huchanja mistari inayoiga unywele mmoja mmoja, kisha hupaka wino na kuuacha unywee. Aliyeziona nembo za wazee wa Kimakonde, zilizochanjwa usoni na kusuguliwa masizi, anaijua kanuni hiyo. Kilichobadilika ni wembamba wa sindano, dawa ya ganzi na bei.

Kazi yote iko kwenye kina. Ngozi ya juu usoni ina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, na hujibadilisha yote kwa muda wa mwezi mmoja au zaidi kidogo. Wino ukiishia hapo utapukutika pamoja na ngozi iliyokufa. Unatakiwa ufike mwanzoni mwa tabaka la pili, lenye mishipa ya damu na neva. Ukizama zaidi, mistari hutanuka na kuungana, na weusi huanza kuonekana kijivu au bluu. Kwa hiyo anayejisifu kwamba alichanja mpaka damu ikachuruzika hajafanya kazi nzuri. Damu nyingi huusukuma wino nje.

Mwili nao hautofautishi wino wa urembo na mwiba. Mwaka 1882, mjini Messina katika kisiwa cha Sicily, Ilya Mechnikov alichoma miiba kwenye vitoto vya kiti cha pweza, vyenye mwili angavu, na asubuhi yake akakuta seli zimeuzingira kila mwiba. Utafiti wake kuhusu seli zinazomeza vitu vigeni ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1908. Seli za ukoo huo, makrofaji, ndizo zinazokimbilia kwenye nyusi mara tu sindano inapopita. Humeza chembe za wino, haziwezi kuzimeng'enya, basi hukaa nazo pale pale. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa seli ile ile huishi na mzigo wake miaka yote. Mwaka 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walionyesha kwa panya kwamba sivyo: seli ikifa huuachia wino, na seli mpya huumeza tena. Unachokitazama kwenye kioo, basi, ni seli za kinga zilizoshiba rangi. Sehemu ya wino husombwa hadi kwenye tezi za limfu, na mwaka 2017 wanasayansi walitangaza kuzikuta chembe za rangi za tatuu humo, kwenye miili ya binadamu.

Sasa tuirudie siku ile ya sita. Siku mbili za mwanzo kidonda hutoa majimaji mepesi ya manjano. Yakikauka pamoja na wino uliobaki juu huwa kigaga, na ndiyo maana nyusi huonekana nyeusi kupita kiasi. Wakati huo seli za ngozi hutambaa kutoka kingo za kila mchanjo hadi zikutane. Kigaga kikianguka chenyewe huacha ngozi changa, yenye ukungu unaozuia mwanga kuifikia rangi vizuri. Rangi ipo, imefunikwa tu. Ngozi hiyo ikikomaa, kati ya wiki ya nne na ya sita, mistari hurudi, imepoa kidogo kuliko siku ya kwanza. Ndiyo sababu ya kupanga marudio baada ya wiki 6 hadi 8, si kabla. Anayekibandua kigaga kwa kucha hung'oa na wino ambao bado haujashikwa, akabaki na pengo katikati ya nyusi.

Kuna ubishi usioisha baina ya watoa huduma. Wengine husema nyusi ziachwe kavu kabisa kwa siku 10, wengine zipakwe mafuta saa zote. Mwaka 1962 George Winter, mtafiti wa Uingereza, alionyesha kwa nguruwe kwamba kidonda kilichofunikwa kisikauke huota ngozi kwa kasi karibu mara mbili ya kilichoachwa wazi, kwa kuwa seli hutambaa kwa urahisi penye unyevu kuliko kujipenyeza chini ya kigaga kigumu. Hata hivyo unyevu si kuroweka. Nionavyo mimi, mikono ioshwe kwanza. Siku ya kwanza majimaji yafutwe taratibu kwa gozi safi yasigande. Nyusi ziguswe na maji safi na sabuni laini isiyo na manukato, zikaushwe bila kusuguliwa, kisha zipate mafuta ya mgando kidogo mno, kiasi cha punje ya mchele kwa zote mbili. Nyusi zinazong'aa mafuta zimezidishiwa.

Joto letu nalo lina lake. Jasho la Februari la Dar es Salaam au Mombasa huchuruzika kutoka kipajini moja kwa moja hadi kwenye michanjo. Kofia ngumu ya bodaboda, iliyokwisha kuvaliwa na vichwa vingi tangu alfajiri, sponji yake hukaa hasa juu ya nyusi. Wiki mbili za mwanzo panda daladala. Stima ya nywele, dawa ya kulainisha nywele, kuogelea baharini, vyote visubiri. Anayetawadha mara tano kwa siku aulize mapema, kwa mtoa huduma na kwa mwalimu wake wa dini. Wapo pia wanaoona kuwa huduma yenyewe haifai kidini, na hilo nawaachia wao.

Kibaya kuliko jasho ni krimu. Zile za mchanganyiko zinazouzwa duka la dawa bila cheti, ambazo watu hupaka kwa kila kipele, nyingi zina steroidi, na steroidi huzipoza seli zile zile tunazozitegemea zishike wino na kufunga kidonda. Mtumiaji wa mkorogo ana shida zaidi: ngozi yake imeshakonda, hutoka damu upesi na hupona polepole. Amweleze mtoa huduma ukweli kabla ya kulala kitandani, hata kama anaona aibu. Vivyo hivyo mwenye kisukari, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na aliyewahi kuvimba kwa piko au rangi nyeusi ya nywele. Alovera ya uani, manjano na spiriti havina kazi hapa.

Ngozi nyeusi ina jambo lake jingine. Hujibu jeraha kwa kumwaga melanini, hivyo nyusi zilizochanjwa kwa nguvu huweza kuacha kivuli cheusi kuzizunguka kwa miezi kadhaa. Keloidi huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika. Kwenye nyusi ni nadra kuliko masikioni, mabegani na kifuani, lakini mwenye historia nayo asijaribu. Kufuta nako si rahisi. Wino wa nyusi mara nyingi huwa na oksidi za chuma, na miale ya leza inaweza kuzigeuza nyeusi papo hapo.

Usafi wa kalamu hauna mjadala. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, kwa hiyo sindano ifunguliwe mbele ya macho yako kutoka kwenye pakiti yake, na itupwe baada yako. Wino nao huweza kuwa mchafu. Mwaka 2012 madaktari wa Marekani waliripoti watu 19 wa Rochester, New York, waliopata maambukizi ya ngozi kutokana na wino wa tatuu uliokuwa na bakteria aina ya Mycobacterium chelonae tangu kabla haujamfikia mchoraji. Bakteria hao huleta vipele wiki kadhaa baadaye, na antibayotiki za kawaida mara nyingi hazivimudu.

Wekundu na uvimbe kidogo wa siku mbili tatu ni wa kawaida. Wekundu unaotambaa baada ya siku ya tatu, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, usaha, homa, au vipele vinavyozuka mwezi mmoja baadaye, hivyo si vya kawaida. Ukiviona nenda hospitali siku hiyo hiyo, umweleze daktari ulichanjwa lini na, kama unajua, kwa wino gani. Saluni utairudia ukishapona.