UDUGU WA MANENO SI UDUGU WA DAMU

Mtanzania afikapo Uganda husikia watu wakisema "omuntu". Akivuka kwenda Kongo atasikia "muntu". Na akishuka mpaka Afrika Kusini atasikia "umuntu". Hahitaji mwalimu wa kumwambia kwamba hilo ni neno lake mwenyewe la "mtu", lililobadilika kidogo njiani. Lugha hizo ni ndugu, nasi twaziita lugha za Kibantu. Mjerumani Wilhelm Bleek, aliyelitumia jina hilo katika kitabu chake cha mwaka 1862, alizilinganisha kwa kufuata elimu iliyokwisha kuzaliwa Ulaya, yaani elimu ya kutafuta asili ya lugha za huko na za India. Habari za elimu hiyo zastahili kujulikana, kwa faida zake na kwa maovu yaliyotendwa kwa jina lake.

Tulichukue neno la ndugu wa kiume. Katika Kisanskriti, lugha kongwe ya vitabu vitakatifu vya Wahindu, huitwa "bhratar". Kwa Kiajemi "baradar". Kwa Kirusi "brat". Kwa Kilatini "frater". Kwa Kijerumani "Bruder". Na kwa Kiingereza "brother". Katika miaka ya 1580 Filippo Sassetti, mfanyabiashara wa Florence aliyeishi India, aliona kwamba saba kwa Kisanskriti ni "sapta" na kwao Italia ni "sette". Miaka mia mbili baadaye, tarehe 2 Februari 1786, William Jones, jaji wa Kiingereza katika mji wa Calcutta, aliwaambia wasomi wenzake kwamba Kisanskriti, Kiyunani na Kilatini zimefanana kupita kiasi cha bahati tu. Lazima zilitoka katika chimbuko moja, ambalo huenda halipo tena. Jamaa hiyo leo huitwa lugha za Kihindi-Kiulaya.

Lakini kufanana peke yake si ushahidi. Kiajemi kina neno "bad", maana yake baya, na Kiingereza nacho kina "bad" yenye maana hiyo hiyo. Hata hivyo maneno hayo mawili hayana asili moja. Ni kama watu wawili waliofanana sura sokoni bila ya kuwa na babu mmoja. Ushahidi wa kweli ni mabadiliko yanayofuata kanuni. Rasmus Rask wa Denmark katika mwaka 1818, na Jacob Grimm wa Ujerumani katika mwaka 1822, walionyesha kwamba penye "p" katika Kilatini, Kiingereza huwa na "f": baba ni "pater" na "father", samaki ni "piscis" na "fish". Penye "t" huwa na "th": tatu ni "tres" na "three". Penye sauti ya "k" huwa na "h": pembe ni "cornu" na "horn". Kanuni hizo ndizo zinazofichua hata ndugu wasiofanana kabisa. Mbili kwa Kilatini ni "duo", na kwa Kiarmenia ni "erku". Nani angedhani kwamba ni neno moja? Nalo ni moja.

Kadhalika, haifai kuchanganya udugu na uazimaji. Waajemi walilipokea neno la Kisanskriti "sharkara" wakaliita "shakar". Waarabu wakasema "sukkar". Sisi tukasema "sukari", na Waingereza "sugar". Neno lilifuatana na bidhaa. Aazimaye jembe la jirani hawi mtoto wa jirani.

Nguvu ya elimu hii ilithibitika kwa namna ya ajabu. Kijana wa Uswisi, Ferdinand de Saussure, alitoa kitabu alipokuwa na umri wa miaka 21 tu, akidai kwamba lugha ile mama ilikuwa na sauti ambazo zimetoweka kila mahali. Hakuwa na hata herufi moja ya kale ya kuonyesha. Katika mwaka 1915 Bedřich Hrozný alifaulu kuzisoma bamba za udongo za Wahiti zilizochimbuliwa Uturuki, nazo baadaye zikatoa ushahidi: mfupa, ambao kwa Kiyunani ni "osteon", kwa Kihiti ulianza na sauti ya "h" palepale ilipotakiwa iwepo.

Msiba ulianza pale watu walipoligeuza jambo la ulimi kuwa jambo la damu. Wasemaji wa kale wa Kisanskriti na wa lugha za Iran walijiita "Arya". Hata jina la Iran limetoka humo. Katika karne ya 19 waandishi wa Ulaya walilichukua jina hilo wakabuni taifa la damu tukufu lililoumbwa kutawala wengine. Max Müller, mtaalamu wa Oxford, alionya katika mwaka 1888 kwamba kusema habari za damu ya Kiarya ni upuuzi sawa na kusema habari za kamusi yenye fuvu refu. Hakusikizwa.

Alikuwa na haki, maana lugha hairithiwi pamoja na rangi ya ngozi. Hufundishwa, huhamishwa, na pengine hulazimishwa. Wenyeji wa kale wa Ufaransa waliiacha lugha yao wakashika ya Warumi waliowashinda. Watu wa Jamaika husema Kiingereza, ilhali mababu wa wengi wao walichukuliwa utumwani kutoka Afrika Magharibi.

Manazi waliposhika serikali ya Ujerumani katika mwaka 1933, waliufanya uzushi ule kuwa sheria. Waliua Wayahudi mamilioni. Waliwaua pia Waroma, watu waishio Ulaya kwa karne nyingi, ambao lugha yao ilikwisha kuthibitishwa na Johann Rüdiger tangu mwaka 1782 kuwa imetoka India, kwenye nchi yenyewe ya neno "Arya". Usiku wa tarehe 2 Agosti 1944, katika kambi ya Auschwitz, wazee, wanawake na watoto wa Kiroma waliosalia katika sehemu yao waliuawa kwa gesi.

Kwa lugha ya Waroma ndugu ni "phral". Ni neno lile lile "bhratar", na ni neno lile lile "Bruder" walilokuwa wakiitana askari waliowasukuma kwenda kufa. Basi mwanao akikuuliza kwa nini maneno ya mataifa mbalimbali yanafanana, mweleze kanuni hizi, maana ni elimu nzuri. Lakini mwambie pia kwamba neno halimfanyi mtu kuwa ndugu mpaka atendewe kama ndugu.