Kazi ya Wagawa Dawa katika Vijiji vya Kyela

Wilaya ya Kyela, iliyo kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, ni nchi ya tambarare na ya mvua nyingi. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milimani na kumwaga maji yake ziwani. Maji hayo ndiyo yanayowapa watu mpunga, ndizi na kakao. Lakini ndiyo pia yanayozaa mbu na nzi waletao maradhi. Tena wakati wa masika mito hufurika na njia hukatika, na watu wa vijiji vilivyo mbali, kama vile katika kata ya Katumba Songwe karibu na mpaka wa Malawi, hupata taabu kufika hospitali. Basi yafaa tuulize: mtu akaaye mbali na mganga, asiye na nauli mkononi, atapataje dawa sawasawa na mtu wa mjini? Jibu moja limekwisha kuonekana katika nchi hii, nalo ni kazi ya wagawa dawa.

Maradhi mawili ndiyo yaliyoleta kazi hii. Ya kwanza ni usubi. Usubi huenezwa na nzi mdogo mweusi anayezaliana katika maji yaendayo kasi penye mawe. Nzi huyo akimwuma mtu humtia vijidudu, navyo hukua vikawa minyoo chini ya ngozi. Minyoo hiyo huzaa watoto wengi mno wasioonekana kwa macho, nao husambaa ngozini na kuingia machoni. Mgonjwa huwashwa usiku na mchana, ngozi yake huharibika, na mwisho aweza kupofuka kabisa.

Maradhi ya pili ni matende na mabusha. Haya huletwa na minyoo ya namna nyingine, nayo huenezwa na mbu. Wako watu wasemao kwamba matende ni uvimbe na aibu tu, wala hayana hatari nyingine. Sivyo. Utafiti uliofanywa Kyela kuanzia mwaka 2006 hata mwaka 2011, na kutangazwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba watu wenye minyoo ya matende waliambukizwa virusi vya UKIMWI kiasi cha mara mbili kuliko watu wasiokuwa nayo. Kwa hiyo anayekosa dawa ya minyoo hii hakosi jambo dogo.

Dawa yenyewe yaitwa ivermektini. Asili yake ni kijidudu kilichopatikana katika udongo wa Japani na Bwana Satoshi Ōmura. Kisha Bwana William Campbell, huko Marekani, akaonyesha nguvu yake juu ya minyoo. Mwaka 2015 mabwana hao wawili walipewa Tuzo ya Nobeli kwa kazi hiyo. Mwaka 1987 kampuni ya Merck ilitangaza kwamba itaitoa dawa hii bure kwa watu wenye usubi, kwa muda wote itakapohitajiwa. Kwa matende, dawa hiyo hiyo hutolewa pamoja na nyingine iitwayo albendazoli.

Lakini dawa kuwa bure ni jambo moja, na kumfikia mtu ni jambo jingine. Dawa iliyomo ghalani Dar es Salaam haimfai mama aliye ng'ambo ya mto uliofurika. Hapo kwanza, katika nchi nyingi za Afrika, makundi ya waganga yalizunguka vijijini kwa motokaa yakigawa dawa. Gharama ilikuwa kubwa, na watu wengi walikosa, maana motokaa haikuweza kumngoja mvuvi arudi kutoka majini wala mkulima atoke shambani. Ndipo katikati ya miaka ya 1990 ilipojaribiwa njia nyingine, yaani kuwaachia wanakijiji wenyewe kuiongoza kazi. Ilionekana kwamba waliweza, na Mpango wa Afrika wa Kuzuia Usubi, ulioanzishwa mwaka 1995 na kumaliza muda wake mwaka 2015, uliishika njia hiyo. Katika milima ya Rungwe na tambarare ya Kyela kazi ilianza mwaka 2000.

Utaratibu wake ni huu. Wanakijiji hukutana mkutanoni, wakachagua watu wao wanaowaamini, wake kwa waume. Wao ndio waamuao ni siku gani na mahali gani dawa itagawiwa, kwa kuwa wao ndio wajuao majira ya kupanda na ya kuvuna. Waliochaguliwa hufundishwa na waganga wa zahanati. Kila mmoja huandika katika daftari watu wote wa kila nyumba, kisha hupima urefu wa kila mtu kwa kijiti chenye alama. Mwenye urefu wa sentimita 90 hadi 119 hupewa kidonge 1. Wa sentimita 120 hadi 140, vidonge 2. Wa sentimita 141 hadi 158, vidonge 3. Naye apitaye hapo, vidonge 4. Kijiti kilichaguliwa badala ya mizani kwa sababu hakiharibiki, na kila mtu aweza kukitumia.

Wako wasiopewa dawa: mtoto asiyefika sentimita 90, mwanamke mwenye mimba, mama ambaye hajatimiza juma moja tangu ajifungue, na mtu aliye mgonjwa sana. Lakini hao wasisahauliwe. Mama akiisha kujifungua na juma kupita, na mgonjwa akiisha kupona, yapasa mgawa dawa arudi kwao. Kazi ya daftari ni hiyo, yaani kuonyesha ni nani bado. Tena mtu akiwashwa au kuvimba kidogo baada ya kumeza, asidhani ametiliwa sumu. Mara nyingi ni dalili kwamba watoto wa minyoo wanakufa mwilini. Ila akizidiwa, apelekwe zahanati upesi.

Watu wengine huuliza, "Kwa nini tumeze kila mwaka, na hali hatuumwi?" Sababu ni kwamba dawa huua watoto wa minyoo, bali haiui minyoo mikubwa ya usubi, ambayo huweza kuishi mwilini miaka 10 hata 15. Mtu akiacha kumeza, minyoo huzaa tena, na nzi huchukua vijidudu kutoka kwake na kumpelekea jirani. Kwa hiyo ili usubi ukomeshwe, yatakiwa watu wapatao 80 katika kila 100 wameze dawa, mwaka baada ya mwaka. Kijiji kinachosahau kitongoji kimoja kilicho mbali hujidhuru chenyewe.

Sasa liko jambo zito ambalo wakubwa wa vijiji yawapasa kulifikiri. Mgawa dawa halipwi mshahara. Huacha mpunga wake shambani ili atembee nyumba kwa nyumba, na akipewa nyumba nyingi mno huchoka, hata akaiacha kazi. Huko Uganda, Dokta Moses Katabarwa na wenzake walichunguza shida hii. Waliona kwamba wagawa dawa wakiwa wengi, na kila mmoja akiwahudumia watu wa ukoo wake walio karibu naye, watu wengi zaidi hupata dawa, na madai ya malipo hupungua. Tena wanawake wengi zaidi huingia katika kazi. Basi ni heri kijiji kichague wagawa dawa kumi wenye nyumba chache kila mmoja, kuliko wawili waliolemewa. Tena jirani wakimsaidia kupalilia siku anapogawa dawa, mzigo wake hupungua.

Walimu nao wana sehemu yao. Mtoto aliyefundishwa vema shuleni huwaeleza wazee wake nyumbani, na maneno ya uvumi hukosa nguvu.

Matunda ya kazi ya namna hii yameonekana. Jirani zetu wa Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe, walithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 kwamba matende si tatizo tena la afya katika nchi yao. Na mwezi wa Januari mwaka 2025, Niger ilikuwa nchi ya kwanza katika Afrika kuthibitishwa kwamba imeukomesha usubi. Basi kila kijiji kinachogawiwa dawa kikague daftari lake, kijue ni nyumba zipi zimekosa na kwa sababu gani, na mtu apelekwe huko kabla mvua hazijafunga njia.