Kuanzia Mkwaruzo Maana Yake Nini?

Huenda umepata kumsikia Mwingereza akinena habari za mtu aliyeanza "from scratch". Ukiyafasiri maneno hayo moja moja, utapata "kutoka mkwaruzoni", nayo kwetu haina maana. Kiswahili husema alianza moja, au alianza mikono mitupu.

Mkwaruzo wenyewe ulikuwa mstari hasa, uliochorwa ardhini mahali pa kuanzia mbio. Katika mashindano ambamo wanyonge walipunguziwa masafa, wao walisimama hatua kadhaa mbele. Aliyeanzia mstarini penyewe alikuwa yule hodari, asiyehitaji msaada. Hata leo mcheza gofu wa daraja hilo hapunguziwi pigo hata moja. Mabondia nao walikuwa na mstari wao katikati ya ulingo: kwa kanuni za Uingereza za mwaka 1838, aliyeangushwa alipumzika sekunde 30, kisha akapewa sekunde 8 aufikie kwa miguu yake mwenyewe.

Ajabu ni kuwa msemo wa hodari sasa umekuwa wa asiye na kitu. (Wapishi huutumia kwa keki ya unga, mayai na siagi, isiyotoka katika pakiti.)

Walakini usitumiwe ovyo. Mjane aliyenyang'anywa nyumba na shamba na shemeji zake huambiwa, "Basi mama, anza moja." La hasha! Huyo hakusimama mstarini na wenzake. Amevutwa nyuma ya mstari, na waliomvuta wanajulikana kijiji kizima.