Bwawa Likiwa Juu Yako

MTANGAZAJI: Leo tunazungumzia usalama wa mabwawa ya maji. Wakaguzi huuliza maswali mawili, nasi mara nyingi tunayachanganya.

La kwanza: bwawa likipasuka, maji yatamkuta nani? Kama chini yake kuna nyumba za watu, linaitwa bwawa la hatari kubwa, hata kama ukuta wake ni mzima. La pili: ukuta wenyewe uko katika hali gani? Bwawa la kuogopwa zaidi ni lile bovu lenye watu chini yake.

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, wakati wa mvua kubwa, bwawa la udongo lilipasuka Solai, Kaunti ya Nakuru, nchini Kenya. Maji yalivamia makazi yaliyokuwa chini yake. Watu zaidi ya 40 walifariki.

Ukiishi chini ya bwawa, angalia haya: nyufa kwenye tuta, sehemu iliyotitia, njia ya maji ya ziada iliyoziba, na maji yanayovuja. Maji ya kuvuja yakiwa na tope, jua kwamba udongo wa tuta unaliwa kutoka ndani. Usingoje kesho. Mwarifu kiongozi wa kambi na majirani, kisha ondokeni. Msikimbie kufuata bonde. Pandeni mwinuko ulio kando.

Leo, kabla ya giza kuingia, mwonyeshe mwanao njia ya kupandia.