Programu Mpya Isiwaache Wenye Simu za Zamani

Vyama vya msingi vinavyokusudia kutengenezewa programu ya simu ya kuwaonyesha wanachama uzito wa mazao na malipo yao, yafaa vifahamu jambo moja mapema. Kila toleo la mfumo wa simu uitwao Android huja na huduma mpya, nalo hupewa ngazi yake. Toleo la 8.0, lililotolewa mwaka 2017, ni la ngazi ya 26. Ndilo lililoleta mafungu ya taarifa, ili mwenye simu achague taarifa zipi zilie na zipi zinyamaze.

Toleo la 7.0 la mwaka 2016, lenye ngazi ya 24, halina huduma hiyo. Programu ikiiita humo bila tahadhari, husimama papo hapo, na mwanachama hukosa kuona hesabu yake.

Dawa si kuikataa huduma mpya, wala kumlazimisha mkulima anunue simu nyingine. Fundi huandika sharti kwamba programu iulize kwanza ngazi ya mfumo: ikiwa 26 au zaidi, itumie mafungu, ikiwa pungufu, itoe taarifa kwa njia ya zamani. Vilevile fundi hutaja ngazi ya chini kabisa. Simu iliyo chini ya hapo haiwezi kuwekewa programu hiyo.

Kwa hiyo, kabla mkataba haujatiwa sahihi, katibu aorodheshe matoleo yaliyomo katika simu za wanachama, ngazi ya chini iandikwe mkatabani, na programu ijaribiwe katika simu kuukuu kuliko zote. Mwenye simu hiyo naye ana hisa chamani.