Maji, Baiskeli na Miguu: Namna ya Kugawa Mazoezi ya Triatloni Ndefu



Mwezi wa Agosti 2022, mji wetu wa Rubavu ulikuwa mwenyeji wa mashindano ya IRONMAN 70.3 Rwanda kwa mara ya kwanza. Katika mashindano ya aina hiyo, yaitwayo triatloni, mshindani huogelea kilomita 1.9, kisha huendesha baiskeli kilomita 90, kisha humaliza kwa kukimbia kilomita 21.1. Kwa jumla ni kilomita 113, na zote hufanywa kwa mfululizo katika siku moja. Mwanzoni wengi wetu tulisimama kando ya barabara tukiwatazama wageni. Siku hizi tunawaona vijana wetu wenyewe, wakiwamo waendesha baiskeli za abiria, wakijiandaa kuingia uwanjani. Jambo hili linatufurahisha. Hata hivyo, limetuletea pia wajibu mpya, nao ndio chanzo cha makala haya.

Asubuhi moja, wavuvi wa sambaza waliokuwa wakirejea kutoka ziwani walimkuta kijana ameng'ang'ania kamba ya mtumbwi uliotia nanga, mita zisizofika mia kutoka ufukweni. Kijana huyo ni hodari wa baiskeli. Hupandisha kilima na gunia la viazi bila kushuka. Kwa miezi minne alikuwa ameendesha baiskeli karibu kila siku na kukimbia mara chache. Kuogelea alikuwa hajafanya kabisa. Siku hiyo ilikuwa ya kwanza, naye alikwenda peke yake. Wavuvi walimtoa akiwa hai. Tulipomuuliza kwa nini aliacha maji hadi mwisho, alijibu kwamba kuogelea ndiyo sehemu fupi kuliko zote.

Jibu lake ni la kweli kwa hesabu ya kilomita, lakini ni la hatari kwa maisha. Anayechoka juu ya baiskeli hushuka akapumzika. Anayechoka akikimbia huketi chini ya mti. Anayechoka katikati ya ziwa hana pa kuketi.

Kugawa kwa haki si kugawa sawasawa

Watu wengi wanaoanza hudhani kwamba michezo mitatu ikigawiwa muda sawa, mambo yamekwisha. Sivyo. Tumchukue mshindani wa kawaida anayemaliza kwa saa sita na nusu. Anaweza kutumia dakika 45 majini, saa tatu na dakika 20 juu ya baiskeli, saa mbili na robo akikimbia, na dakika kumi zilizobaki akibadilisha mavazi na vifaa. Baiskeli peke yake huchukua karibu nusu ya siku yake. Kwa hiyo ni haki baiskeli ipate karibu nusu ya muda wa mazoezi, kukimbia kupate karibu theluthi, na kuogelea kupate sehemu inayobaki.

Kipimo hiki, hata hivyo, ni cha mtu ambaye tayari anajua michezo yote mitatu. Mwenye udhaifu mkubwa katika mmoja wapo ana deni la kulipa kwanza. Asiyejua kuogelea aanze na maji miezi kadhaa kabla ya kuandaa ratiba ya mashindano, chini ya mwalimu, mahali anapoweza kusimama. Katika kuogelea, kwenda mara kwa mara kuna faida kuliko kukaa muda mrefu. Dakika 30 mara tatu kwa wiki hufundisha mwili kuliko saa moja na nusu ya siku moja, kwa sababu kinachojengwa hapo ni ufundi wa kupumua na kulaza mwili juu ya maji. Nguvu peke yake haimfikishi mtu mbali.

Kukimbia nako kuna tabia yake. Kila hatua huangusha uzito wa mwili juu ya magoti na vifundo vya miguu. Baiskeli haifanyi hivyo, na maji hubeba mwili. Ndiyo maana mbio za miguu ndizo huumiza watu upesi zinapoongezwa kwa pupa. Ongeza kidogo kidogo. Wengi hufuata kanuni ya kutozidisha sehemu moja ya kumi kwa wiki. Haba na haba hujaza kibaba.

Mfano wa wiki moja

Mfano ufuatao unamfaa mtu mwenye kazi na familia, mwenye afya njema, ambaye tayari anaweza kuogelea mita mia kadhaa bila kusimama.

Jumatatu: mapumziko.
Jumanne: kuogelea dakika 45, mkazo ukiwa juu ya ufundi.
Jumatano: baiskeli saa moja na robo, na mara tu baada ya kushuka, kukimbia dakika 15.
Alhamisi: kukimbia dakika 50 kwa mwendo wa kuweza kuzungumza.
Ijumaa: kuogelea dakika 45.
Jumamosi: baiskeli saa tatu, kisha kukimbia dakika 20.
Jumapili: kukimbia saa moja na robo, polepole.

Kwa jumla ni saa nane na dakika 25: baiskeli saa nne na robo, kukimbia saa mbili na dakika 40, kuogelea saa moja na nusu. Kukimbia mara baada ya baiskeli kumewekwa kwa makusudi. Aliyeshuka kwenye baiskeli baada ya saa tatu huhisi miguu yake ni ya mtu mwingine, na mwili hauna budi kufundishwa mabadiliko hayo kabla ya siku yenyewe. Safari ndefu ya baiskeli ndiyo pia nafasi ya kujifunza kula na kunywa ukiwa njiani. Beba maji na ndizi, na usisubiri kiu wala njaa.

Baada ya wiki tatu za kuongeza, wiki ya nne ipunguzwe, kwa maana mwili hupata nguvu wakati wa kupumzika. Kalenda yetu inatusaidia. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya Umuganda, na asubuhi hiyo kila mmoja wetu yuko kazini pamoja na majirani. Ifanye wiki hiyo kuwa ya kupunguza mazoezi, nawe hutakuwa umepoteza kitu. Katika wiki mbili za mwisho kabla ya mashindano, punguza zaidi. Mazoezi ya pupa ya siku za mwisho hayaongezi uwezo. Huongeza uchovu tu.

Ziwani

Usiogelee peke yako. Awepo mwenzako ndani ya mtumbwi au ufukweni, mwenye kitu kinachoelea cha kukurushia. Vaa kofia ya rangi kali ili wenye boti wakuone. Ogelea sambamba na ufukwe, si kuelekea katikati. Pia kumbuka kwamba mpaka wa Rwanda na Kongo unapita ndani ya ziwa, na hauna ukuta wala uzio. Anayeogelea kuelekea Goma anaweza kuvuka bila kukusudia, akajitia matatani na kuwasumbua walinzi wa pande zote mbili.

Lipo jambo jingine ambalo wazee wetu wanalijua vizuri: mazuku. Hii ni hewa nzito ya kaboni inayotoka ardhini katika maeneo ya volkano na kujikusanya mabondeni na kwenye mashimo, hasa upande wa kaskazini wa ziwa. Haionekani, wala haina harufu ya kukuonya, nayo imeua watu na mifugo. Hukusanyika zaidi usiku na alfajiri, wakati upepo umetulia. Kwa hiyo subiri jua lipande na upepo uanze kuvuma. Usijinyooshe wala kulala katika sehemu za chini usizozijua. Ukiona ndege au wadudu waliokufa pamoja mahali pamoja, ondoka. Na mwenzako akianguka ndani ya bonde la namna hiyo, usimfuate kwa haraka, kwani nawe utaanguka. Piga kelele uombe msaada, na upige simu.

Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kwa heshima zote, sisi polisi tunaomba methali hii isitumike ziwani. Ukivua nguo kisha ukahisi mwili hauko sawa, vaa urudi nyumbani. Hakuna atakayekucheka, na akicheka, mwache acheke.

Barabarani

Nchini Rwanda magari hupita upande wa kulia. Wenzetu wanaotoka Uganda, waliozoea kushoto, wazingatie hilo tangu kilomita ya kwanza. Mwendesha baiskeli akae kulia, na kundi liende mmoja nyuma ya mwenzake. Mkimbiaji asiye na njia ya watembea kwa miguu akimbie upande wa kushoto, ili ayaone magari yanayomjia. Vaeni kofia ngumu na nguo zinazoonekana, na kagueni breki kabla ya kila mteremko, kwani milima yetu haisamehe. Kushika lori kwa nyuma ili likupandishe si mazoezi; ni kuomba ajali. Nawe dereva, ukimkuta mwendesha baiskeli, mpe nafasi ya kutosha au subiri nyuma yake kidogo. Ajali ya barabarani itolewe taarifa kwa namba 113, na dharura nyingine yoyote kwa namba 112.

Wanaovuka kwenda upande wa pili kwa mazoezi wabebe vitambulisho vyao na wapite katika vituo rasmi vya mpakani. Njia ya panya haifai hata kwa mwanamichezo.

Kijana wetu tuliyemtaja anajifunza kuogelea sasa, na mwalimu wake ni mmoja wa wavuvi waliomwokoa. Tulimweleza pia kwamba mashindano mengi ya aina hii huruhusu timu ya watu watatu, kila mmoja akifanya mchezo wake. Alifikiri kidogo, akatuambia kwamba mwaka ujao ataendesha baiskeli katika timu, na mwaka wa kufuata, maji yakimkubali, atafanya yote matatu mwenyewe. Tunaona amegawa vizuri.

Tunawatakia mazoezi mema, na tunaomba kila anayetoka nyumbani asubuhi kwa mazoezi arejee salama.